Mna Meza?

Kijana wa mlangoni alinipa shikamoo. Nilikuwa nimevaa shati jipya, nimejipulizia manukato, nimesimama mguu mmoja mbele mmoja nyuma kama mtu aliyekuja kucheza, yeye akaona baba wa mtu. "Marahaba," nikaitikia, na usiku wangu ukaanza kuota mvi kabla sijavuka kizingiti.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na nusu usiku, sehemu moja ya Mbezi Beach ambayo jina lake nitalihifadhi. Kiingilio bure. Nilikuwa na mdogo wangu wa mwisho, niliyempita miaka kumi na tisa, pamoja na rafiki zake wawili. Yeye ndiye aliyenitoa nyumbani. Wiki mbili nyuma, tukiwa msibani Magomeni, alinisikia nikiwaambia wenzangu kwamba Dar siku hizi haina mahali pa kucheza muziki, akachukia kama nimemtukania mtaa wake. "Kaka, Jumamosi nakupitia," akasema. "Uje uone."

Nikaenda, nikaona. Mhudumu alipotufikia hakuuliza tunakunywa nini. Aliuliza, "Mna meza?"

Hatukuwa nayo. Meza, kumbe, unaiwekea oda mapema kwa simu, na ukishaikalia umekubali bila kusaini popote kwamba utanunua chupa nzima. Habari za toti mbili na soda ya kuchanganyia ni za watu wa kusimama kaunta. Nikamwuliza yule dada, wasio na meza wanachezea wapi? Akageuka akatazama nyuma yake, kwa adabu zote, kana kwamba nafasi hiyo huenda ipo ila yeye hajawahi kuiona.

Meza zilianzia langoni zikaishia miguuni pa DJ. Kila kundi lilikuwa limeizunguka meza yake kama watu wanaoota moto. Wanatikisa bega, wanainua simu, wanajirekodi wakitikisa bega. Kila baada ya dakika chache linapita gwaride la wasichana wamebeba chupa iliyochomekwa fataki, DJ anakata muziki, anataja jina la aliyenunua, watu wanashangilia, simu zinageukia huko, fataki inazima, muziki unarudi. Nilihesabu magwaride tisa. Watu walikuwa wengi, mia tatu hivi kwa macho yangu, na sikuona hata mmoja akicheza na mtu ambaye hakuja naye.

Saa tisa usiku nilirudi nyumbani Tabata, nikavua shati, nikalinusa. Kavu. Ningeweza kulivaa tena kesho yake kwenye kikao cha harusi.

*

Zamani tulikuwa na neno moja tu la kulitaja eneo lile: kati. "Twende kati." "Fulani yuko kati." Rapa wa bendi akiona watu wameganda vitini alikuwa anawaita waingie kati, na kweli wanaingia. Kati palikuwa sakafu tupu ya saruji mbele ya jukwaa, meza zimepangwa pembeni kuizunguka, hakuna mwenye hati nayo. Ukiikanyaga umekubali kupigwa kikumbo na usiyemjua, kukanyagwa na fundi gereji, kucheza dakika kumi za sebene ukitazamana na mama ambaye mchana anakuuzia mkaa.

Nilipoketi kuandika makala haya nilitaka kuandika tanzia ya klabu za Dar, nipange marehemu mmoja mmoja na mwaka wake wa kufa. Nikagundua ningekuwa muongo. Bia zinanyweka. Muziki wa Bongo umefika mbali kuliko tulivyowahi kuota. Sehemu za kula bata zinafunguliwa Masaki, Mikocheni, Sinza mpaka huku kwetu Tabata, kila mwezi ipo mpya. Aliyekufa ni kati. Na aliyemla ni meza.

Nayajua haya kwa upande wa fedha kwa sababu nilikuwa nakata tiketi. Kuanzia 2002, kwa miaka mitatu, nilikaa mlangoni kwenye ukumbi mmoja wa Kinondoni na kauntabuku, sanduku la bati la hela, kitabu cha tiketi na mshumaa wa dharura. Kiingilio shilingi 3,000 siku ya kawaida, 5,000 kukiwa na uzinduzi wa albamu. Utaratibu ulikuwa ule uliokuwa umezoeleka mjini: mlango wa bendi, kaunta ya mwenye ukumbi. Yaani fedha za tiketi zote zilikuwa za bendi, na fedha za vinywaji zilikuwa za mwenye nyumba. Usiku ukiisha kiongozi wa bendi alikuja kwangu na tochi, tunahesabu vishina vya tiketi, yeye anawalipa wanamuziki na wanenguaji palepale gizani, mwenye ukumbi anahesabu kreti zake kule.

Utaratibu huo ulikuwa na maana ambayo wakati ule sikuiona. Bendi ilihitaji vichwa. Haikujali kichwa kinakunywa nini. Tulikuwa na mteja mmoja, fundi cherehani wa Magomeni Mapipa, aliyekuja kila Jumamosi akiwa na taulo dogo begani. Kwa miaka mitatu sikumbuki kumwona akinunua hata soda. Analipa elfu tatu yake, anaingia kati, anacheza mpaka wimbo wa mwisho, anatoka nje, anavua shati, analikamua kama dekio, analivaa tena lilivyo, anaaga. Mwenye ukumbi alikuwa hapendi hata kumwona. Kiongozi wa bendi akimwona anaingia alikuwa anaagiza mpiga solo aongeze sauti, kwa sababu palipo na mtu mmoja anayecheza vile, watatu wanaona haya kukaa.

Mapedeshee, wale wa kumwaga fedha ukumbini, walikuwepo, nani asiyewakumbuka. Ilikuwa miaka ya bendi kama Twanga Pepeta pale Mango Garden, FM Academia na Ngwasuma yao, baadaye Akudo, na kutajwa jina ndani ya wimbo kulikuwa na bei yake. Lakini hata pedeshee, akitaka kutuza, ilibidi atoke kwenye kiti chake, apite katikati ya watu wanaotoka jasho, amfikie mwimbaji na kumbandika noti pajini. Jasho la mwimbaji ndilo gundi. Hakuna aliyetuzwa kwa kuletewa fataki mezani.

*

Mimi mwenyewe niliingia kati kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, disko toto, sikukuu ya Idd. Waliokulia Uswahilini wanaelewa. Nguo mpya, viatu vinabana, hela ya sikukuu uliyokusanya kwa shangazi na wajomba, halafu alasiri mnafunga safari kundi zima kwenda ukumbini ambako usiku wanaingia watu wazima. Ndani giza, joto, harufu ya bia ya jana, na mamia ya watoto wanaruka. Nilipoteza kiatu kimoja. Mama alinichapa, na mwaka uliofuata nikaenda tena.

Siku ya Idd el Fitr ya Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana kwenye ukumbi wa disko. Serikali ikapiga marufuku disko toto. Nilikuwa nimeshakuwa mzazi, na nakumbuka nilizima redio nikaenda kumtazama mwanangu amelala. Sina la kusema dhidi ya marufuku ile. Nasema tu kwamba baada yake kumekuwa na kizazi cha watoto wa mjini ambacho hakikuwahi kusukumwa gizani na wenzao kikiwa na umri wa kutoogopa kuonekana kinacheza vibaya. Mdogo wangu ni wa kizazi hicho. Alinifundisha siku ile, kwa upole, kwamba mtu hachezi hivihivi: anacheza akirekodiwa, na akirekodiwa lazima apatie. Nilipoanza kuzungusha kiuno pale kaunta, rafiki yake mmoja alishusha simu yake chini. Kwa heshima, nadhani.

*

Wazee wetu walipata kati kubwa kuliko sisi, na kwa bei ndogo, kwa sababu iliyowafanya wengi wetu tucheke tukiwa vijana: bendi zilikuwa mali ya vyama na mashirika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kila chama kilipobadilika, JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma tu, Baba ya Muziki. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilizaliwa 1978, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, na DDC Kariakoo ikawa nyumba ya bendi hiyo, ndiyo Sikinde. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Shirika halikutaka utajiri mlangoni.

Na siyo mashirika peke yake. Maquis walikuja kutoka Kongo wakaifanya White House ya Ubungo kuwa mahali pa kufa mtu. Kimara kulikuwa na Safari Resort na Safari Sound yake, ya mtu binafsi. Marehemu baba alikuwa mtu wa Msondo, mama yake mdogo alikuwa Sikinde, na kuna miaka hawakusalimiana vizuri kwa sababu ya mwimbaji mmoja kuhama bendi. Nikiwasimulia vijana hili wanadhani nazungumzia Simba na Yanga. Ni hivyohivyo.

Kisha mashirika yakachoka, disko zikaja, Bongo Fleva ikaja na flashi moja ya kompyuta badala ya watu kumi na watano wenye njaa. Hilo limeshaandikwa sana, silirudii. Disko lenyewe lilirithi mlango. DJ alilipwa na mlango. Klabu ya Bilicanas ulilipa mlangoni, ukashuka kati, na pale kati palikuwa na kila mtu: mwanafunzi wa Mlimani, baharia wa Kigiriki, msanii ambaye wimbo wake ungetoka Jumatatu na ameuleta Ijumaa aone watu watafanya nini nao. Wimbo ukishindwa kuwanyanyua watu wa Bilicanas, msanii aliondoka na kichwa chini kabla redio haijamjua.

Septemba 2016 Shirika la Nyumba la Taifa lilimwondoa mpangaji kwenye jengo lile la Bilicanas, katikati ya jiji, kwa mgogoro wa kodi ya pango. Mpangaji alikuwa Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, kwa hiyo jiji zima lilibishana siasa. Vitu vikatolewa nje, jengo baadaye likabomolewa. Mwezi huohuo, London, klabu iitwayo Fabric ilinyang'anywa leseni na halmashauri baada ya vijana wawili kufariki kwa dawa za kulevya. Kule watu walichanga fedha za mawakili, wakapiga kelele kwamba huo ni utamaduni wao, na Januari 2017 Fabric ikafunguliwa tena kwa masharti makali. Kwetu sikusikia mtu, mimi nikiwemo, akisema kwamba pale palikuwa pahali pa kucheza na kwamba hilo peke yake lilikuwa jambo. Tulibishana kodi na chama. Sakafu haikuwa na wakili.

*

Ukimwuliza mtu wa biashara hiyo nini kimeua usiku wa Dar, atakuambia miaka ile: 2016, 2017, vyuma vimekaza. Ana haki. Julai 2016 shisha ilipigwa marufuku. Machi mosi 2017 viroba, pombe kali ya vipakiti, vikafutwa nchi nzima, na ingawa kiroba hakikuwa kinywaji cha klabu, kilikuwa kianzio cha wengi kabla ya kuingia. Safari za semina na posho zake zikakatika, pedeshee akaanza kupokea simu kwa kunong'ona. Mnenguaji mmoja niliyemfahamu akafungua saluni Tandika. Halafu Machi 2020 korona ikasimamisha mikusanyiko.

Ila mimi nadhani vyuma havikuua kati. Vilimfundisha mwenye sehemu hesabu mpya. Wateja mia wa elfu tatu ni laki tatu, nao wanataka bendi, baunsa, vyoo na maji. Meza kumi zinazonunua chupa moja moja zinalipa zaidi, na hazitaki nafasi ya kuzungusha kiuno. Basi kiingilio kikafutwa, tukafurahi kwamba ni bure, meza zikasogea hatua moja mbele. Mwezi uliofuata nyingine. Hakuna aliyetangaza kwamba sakafu imefungwa.

*

Sasa nifike kwenye kelele, ambako sina mikono safi.

Nyuma ya nyumba yangu Tabata kuna baa. Ilianza kama kibanda cha mama mmoja wa chipsi, ikawa na viti vya plastiki, ikawa na turubai, halafu siku moja yakaja maspika mawili yenye urefu wa mlango, moja likatazama barabara na moja likatazama chumba cha mwanangu wa mwisho. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, kitanda kilikuwa kinatetemeka. Nilimfuata mwenye baa, jirani yangu wa miaka mingi. Akaniita bosi, akaniletea kiti, akanipa pole, akaahidi. Nilipofika nyumbani sauti ilikuwa imepanda. Mara ya nne nilikwenda serikali ya mtaa. Mara ya sita nilipiga simu kwa wakubwa zaidi. Kwa hiyo mtu anayelia hapa kwamba watu hawana mahali pa kucheza ndiye aliyewaripoti waliokuwa wanacheza. Andika hivyo.

Septemba 2022 NEMC, wale wa mazingira, walifungia baa na kumbi 89 kwa kelele, zikiwamo sehemu ambazo jiji zima lilikuwa linazijua kwa majina. Mitandaoni watu wakagawanyika nusu kwa nusu. Waliolala wakasema alhamdulillahi, wasiolala wakasema serikali haipendi vijana. Zikafunguliwa kwa masharti, zikaonywa tena, na ngoma hiyo inaendelea.

Kitu ambacho sikusikia kikisemwa ni ukuta. Bilicanas ilikuwa na ukuta. Kumbi za disko za zamani zilikuwa vyumba: mlango mzito, pazia, mlango wa pili, kiyoyozi kinachovuja. Ulikuwa ukipita nje usiku unasikia mdundo tu kama moyo wa mtu mwingine. Ndani ya chumba sauti inaweza kuwa kubwa na jirani akalala. Lakini ukuta unataka kiyoyozi, kiyoyozi kinataka umeme, umeme wetu unataka jenereta pembeni yake, na kabla hujawasha chochote kuna milango ya kugonga: halmashauri, zimamoto, BASATA wa sanaa, COSOTA wa hakimiliki, NEMC, TRA wa kodi. Bustani yenye makuti na upepo wa bahari haitaki kiyoyozi. Ndiyo maana tukatoka vyumbani tukaenda bustanini, muziki tukatoka nao. Kisha tukashangaa mtaa mzima unasikia.

Uingereza tangu 2018 kanuni za mipango miji zinasema anayekuja nyuma ndiye anayebeba mzigo: ukijenga nyumba za kuishi kando ya ukumbi wa muziki uliokuwepo, ni wewe wa kuzuia sauti. Kanuni nzuri, na nimeona watu wakitamani tuiige. Waangalie vizuri. Huku Mikocheni, Sinza na Tabata nyumba nyingi zilikuwepo kwanza, baa ndiyo iliyotukuta. Kwa kanuni hiyo jirani yangu angelipia ukuta wake mwenyewe. Labda ndivyo inavyotakiwa.

*

Kuna mchawi mwingine ambaye hakuna atakayemshtaki, kwa sababu sote tunampenda: usafiri.

Mimi nilipokuwa mlangoni, daladala zilikuwa zinapungua saa nne, saa sita hupati. Teksi ilikuwa ya mwenye nazo. Kwa hiyo ukishaingia umeingia mpaka daladala la kwanza, saa kumi na moja alfajiri. Mpaka liamba, tulisema. Mwili unachoka saa nane, unakaa, unasinzia begani kwa usiyemjua, saa tisa sebene linakuamsha, unarudi kati ukiwa huna tena aibu wala pozi. Dansi tamu yote niliyowahi kuiona ilikuwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na ilitokana na kukosa basi.

Leo kuna bodaboda kila kona, na tangu 2016 gari unaliita kwa simu. Saa saba mdogo wangu na wenzake walikuwa tayari wanajadili kuhamia sehemu nyingine, na kutoka huko kwenda kula supu. Usiku mmoja wameukata vipande vinne, hakuna kipande kilichotosha mtu kuchoka. Siwezi kuwalaumu, wasichana wawili waliokuwa nasi walifika kwao salama, mlangoni, dereva anafahamika. Miaka yangu wangapi walitembea kwa miguu gizani kutoka Kinondoni mpaka Manzese wakiwa wameshika viatu mkononi?

*

Wenye kucheza hawakukaa kusubiri meza. Walifanya kigodoro. Huko Manzese, Tandale, Mburahati, Mbagala, ukiwa na shughuli unafunga mtaa kwa viti, unakodi mziki, na ngoma inapigwa mpaka asubuhi. Kutoka humo ikatoka singeli, mapigo yanayopita mia mbili kwa dakika, kasi ambayo mimi na goti langu tunaitazama tukiwa tumekaa. Vigodoro vikafukuzwa na polisi, kwa sababu ambazo nyingine ni za kweli kabisa, na mimi mwenye baa nyuma ya nyumba nitakuwa wa mwisho kukana. Lakini singeli ilishatoka. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa kazi za studio ya Sisso ya hapa Dar, na vijana wa Uswahilini wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga kwenye klabu na matamasha ya Ulaya. Ujerumani, ambako mwaka 2024 tekno ya Berlin iliandikwa rasmi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, Wajerumani wanaruka kati kwa ngoma ya Tandale.

Mbezi Beach, usiku ule, DJ alipiga singeli kwa dakika kama sita. Wahudumu ndio waliocheza. Watatu, nyuma ya kaunta, sinia kwapani, haraka haraka kabla msimamizi hajageuka.

Mwaka jana kidogo nicheke peke yangu kwenye daladala. Redio ilikuwa inasema juu ya Kariakoo kufanya biashara saa 24, mpango uliozinduliwa 2025, na mzee mmoja kiti cha nyuma akauliza, kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Saa tisa ya usiku nani ananunua mapazia?" Jiji letu lina watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, tumekubaliana kwamba saa tisa ya usiku mtu anaweza kununua mapazia.

*

Shati lile lilikuwa linanipwaya. Jumatatu nikalipeleka Magomeni Mapipa likabanwe. Sikwenda kwa bahati, nilikwenda kumtafuta. Kibanda chake kimehama upande wa pili wa barabara lakini cherehani ni ileile, nyeusi, ya kukanyaga. Amezeeka, nyonga moja haimtii. Taulo bado liko begani, sasa la kufutia miwani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe si kijana wa tiketi?"

Tukakaa. Alinipa habari za waliokufa, ni wengi. Nikamweleza nilipokuwa Jumamosi, bahari, taa, fataki kwenye chupa. Alitaka kujua sana kuhusu fataki, haziungui kucha wale mabinti? Kisha akauliza lile nililojua ataliuliza.

"Na kiingilio siku hizi shilingi ngapi?"

"Bure, mzee."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Sasa bendi inakula nini?"

Nikamwambia hakuna bendi. Akalichukua shati, akaligeuza ndani nje, akaangalia makwapa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kazi ya kubana ubavu. Akachomeka pini mbili, akaandika namba yangu kwenye kipande cha kaki, akaniambia nilifuate Alhamisi, jioni, kabla hawajakata umeme.